Nyayo za Dubow Kwenye Mchanga wa Laga

Sogeza kiti, wewe wa rika langu, au kaa hapa mkekani kama magoti yako bado yanakubali, nikueleze habari ya goti moja. Najua umesikia mengi juu ya timu yetu ya taifa: kwa nini inafungwa, nani alaumiwe, nani alipaswa kuwekwa golini. Wajukuu wangu hubishana hayo mpaka chai inapoa. Mimi hunyamaza. Mpira siujui, wala sijawahi kuupiga hata mara moja. Ninachokijua ni jinsi kaka yangu alivyotembea asubuhi moja, na hicho ndicho nitakachokueleza, polepole, ili usinipotee njiani.

Majuzi tulikuwa tukitoa vitu chumbani kwake, huko mtaa wa Waberi, hapa Garissa. Dubow tumemzika. Chini ya kitanda palikuwa na mkebe wa majani ya chai, wa bati, wa zamani sana, umeshika kutu pembeni. Nilipoufungua, harufu ya malmal ilinipanda puani hata machozi yakanitoka kabla sijajua kama ninalia. Malmal ni utomvu mchungu wa mti wa manemane. Akina mama kwetu huusaga, wakauchanganya na maji kidogo, wakapaka penye uvimbe. Vipande vilikuwa vimebaki vichache, vyekundu kama udongo wa barabarani. Binti yake akaniuliza, "Eeddo, nitupe?" Nikamwambia shangazi yako anataka kukaa kidogo. Nikaketi juu ya kitanda cha kamba na ule mkebe mapajani, na nikawa msichana mdogo tena.

Garissa ya wakati huo ungeimaliza kwa macho ukiwa umesimama mahali pamoja. Maduka machache ya mabati, nyumba za serikali zilizopakwa chokaa karibu na mto, kambi ya polisi, na halafu sisi, tuliojenga kwa fito na mikeka nje kidogo ya mji. Nyuma ya kambi ya polisi palikuwa na uwanja wa ardhi ngumu, uliojaa mavi ya mbuzi, na magoli ya miti iliyokatwa mtoni. Polisi na makarani kutoka bara walicheza hapo jua likipungua.

Dubow alifika uwanjani kwa sababu ya maziwa. Hooyo, mama yetu, aliuza maziwa kambini, na kaka yangu ndiye aliyeyapeleka. Akishamaliza aliweka vibuyu chini akatazama. Siku moja mpira ulitoka nje ukaja mpaka miguuni pake. Hakuwa na viatu. Aliurudisha kwa mguu wa kushoto, ukapita juu ya vichwa vya watu wote ukaenda kumgonga kifuani sajenti aliyekuwa upande wa pili.

"Wewe, Maziwa!" sajenti akapiga kelele. "Hebu rudia hiyo!"

Akarudia. Kuanzia siku hiyo jina lake uwanjani likawa Maziwa, na hooyo akawa akingoja vibuyu vyake mpaka magharibi.

Baba yetu, aabo, hakuupenda mpira wala hakuuchukia. Aliuona kama kazi ya ajabu. Aliwahi kusimama pale na fimbo yake mabegani, akatazama mechi nzima, kisha akatuambia nyumbani, "Wanaupigania kama wamekufa kwa kiu. Mtu akiupata, anautupa."

Yule sajenti tulimwita Mutua. Alikuwa mtu wa Ukambani, mpole, mwenye tumbo dogo, na ndiye aliyemfundisha Dubow kila alichokijua. Msimu mmoja wa kiangazi alikuja nyumbani kwetu na pakiti ya majani ya chai na sukari iliyofungwa kwenye karatasi, kama mtu anayekuja kuposa. Kiswahili cha aabo kilikuwa cha sokoni, lakini kilimtosha.

"Nabad, mzee," sajenti alisema. Neno hilo la amani alilijua, na alilisema kwa fahari.

"Nabad, Sajini. Kaa. Watoto yako nzuri?"

"Wazima, mzee. Mzee, nimekuja kwa ajili ya kijana. Timu ya koloni inakwenda kucheza na majirani zetu wa Uganda. Nimeomba nimlete Dubow, wamekubali."

"Timu iko na watu ngapi?"

"Uwanjani kumi na mmoja."

"Na Nairobi yote hakuna watu kumi na moja?"

Sajenti akacheka, lakini akajikuna shingo. "Wapo. Ila upande wa kushoto hakuna mtu, mzee. Aliyekuwepo amechoka, na nyuma yake hatukulea mwingine. Kila mwaka tunaokota okota. Tunafungwa, tunarudi, tunaokota tena. Ni aibu."

Aabo alichora mchangani kwa ncha ya fimbo. "Kwa hifyo nyinyi ni maskini."

"Kwa mpira? Maskini kabisa."

Hapo inabidi nisimame nikueleze jambo, maana usipolielewa hili hutaelewa mengine. Kwetu, mtu ambaye mifugo yake imekufa kwa ukame haombi nyama wala pesa. Huja kwa mwenye ngamia, akakaa kimya, na yule mwenye ngamia humpa ngamia jike anayekamuliwa. Hampi awe wake, anamwazima. Watoto wa maskini wanywe maziwa. Ndama anabaki kuwa wa mwenyewe. Yule aliyepewa hambebeshi ngamia mizigo, na akiugua analeta habari siku hiyo hiyo. Maziwa yakikauka, anamrudisha, na mwenyewe humpokea mbele ya watu na kusema kwa sauti kama amerudi mzima au amerudi na kilema. Kumnyima mtu kama huyo ni aibu inayobaki kwa watoto wako. Majirani zetu Waborana nao wana desturi kama hiyo. Hakuna anayeiandika, na hakuna asiyeijua. Yaani, katika nchi yetu.

Aabo alimwita jirani mmoja awe shahidi. Kisha akamwambia sajenti, "Sikia, Sajini. Mtoto yangu nakubatia kama ngamia ya masiwa. Masiwa, kunywa. Ndama, yangu. Mzigo, usiweke. Akiumwa, leta habari. Akikauka, rudisha."

"Nimekubali, mzee, yote," Sajenti Mutua akasema huku akitabasamu. Alidhani mzee anatania. Aabo hakutania juu ya ngamia maisha yake yote.

Nami niliyasikia maneno yale nikayachukua kama yalivyo. Kaka yangu ameazimwa. Wale watu wa Nairobi, ambao sikuwahi kuwaona, nikawaona kichwani mwangu: wamekonda, wamekaa duara na vikombe vitupu, wanamngoja Dubow. Kilichonisumbua ni ndama.

"Hooyo," nikamuuliza mama, "ndama wa mtu anayecheza mpira ni nini?"

Alikuwa akifunga fito, kamba ziko mdomoni. "Ukimwona utamjua," akasema, ili nimwache.

Basi nikajenga zizi. Nilikata vijiti vya miiba, nikavipanga duara nyuma ya nyumba, nikaacha mlango mdogo. Na usiku ule kabla ya safari nilimpaka Dubow hina kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, alama ile ile ambayo ngamia wetu hupigwa shingoni: mstari mmoja na kiduara pembeni.

"Hii ya nini, abaayo?" aliniuliza. Aliniita hivyo siku zote, dada.

"Usije ukachanganyika na wa watu wengine."

Hakucheka. Alikaa ametulia mpaka hina ikakauka.

Alirudi mvua zikianza. Habari zilikuwa zimeshatufikia kupitia Saleh, dereva wa lori lililoleta bidhaa madukani. Yeye alikuwa ameuona mchezo kwa macho yake, au alidai hivyo. "Tumefungwa," alisema akiwa amekaa juu ya gunia la mchele, "lakini Maziwa! Wallahi, kama si yule mtoto tungefungwa mpaka leo, mpaka saa hii bado wangekuwa wanahesabu!" Watu wakamcheka na kumpa chai. Kisha akamgeukia aabo na kumwita ami kwa lugha yetu, sauti imeshuka. "Adeer, wamemgonga goti. Sajenti anakuja naye."

Sajenti alimleta mwenyewe, na hilo aabo alilisema mbele ya majirani kwamba ni uungwana. Goti la kushoto lilikuwa limejaa na kung'aa kama boga. Aabo alipiga magoti, akapitisha mikono juu na chini ya mguu ule, akabonyeza, akatazama uso wa Dubow anapobonyeza. Akasema, "Amerudi na kidonda kinachopona. Nimempokea." Hooyo alianza kusaga malmal jioni ile, na nyumba yetu ikachukua harufu hiyo kwa msimu mzima: mikeka, blanketi, hata maziwa.

Mimi nilikuwa nimeshaingiza mkono katika mzigo wake. Palikuwa na jezi na jozi ya viatu vya ngozi ngumu, vizito.

"Unatafuta nini?"

"Ndama."

Dubow alicheka mpaka akashika goti kwa maumivu. "Bado, abaayo. Safari ijayo."

Viatu vile alivichukia. Alinieleza kwamba uwanja wa Nairobi ulikuwa na nyasi na maji, na kwamba siku ya kwanza kuvaa viatu ndiyo siku aliyocheza mechi ndani yake. Hakuna aliyemfundisha kukimbia navyo. Walimwambia tu avae aingie. Aabo alitikisa kichwa. Labda umewahi kuona jinsi ngamia wa mizigo anavyofunzwa. Kama hujawahi, ni hivi. Ngamia mchanga hupewa kwanza mkeka mtupu mgongoni, atembee nao siku nyingi, auzoee. Halafu fito chache. Halafu vyombo. Nyumba nzima, ikishafumuliwa, hupandishwa juu yake mwisho kabisa, mifupa ikiwa imekomaa. Ukianza na nyumba, utapata safari moja. "Hawa," aabo alisema, "wamempandisha nyumba siku ya kwanza."

Na kwa mnyama aliyeumia mguu alikuwa na kanuni yake, asiyoipinda: aende mtupu hadi Habaswein, mwendo wa siku kadhaa, na kurudi, akifuatana na kundi, pasipo mzigo wowote. Akirudi hachechemei, amepona. Akachagua hivyo hivyo kwa Dubow. Angengoja kundi lirudi kutoka malishoni, waende pamoja na mjomba wetu aliyelichunga.

Kundi lilikuwa bado njiani sajenti alipokuja tena. Safari hii hakuwa na sukari. Kofia ilikuwa mkononi.

"Mzee, tunacheza tena na Waganda. Lori linaondoka kesho."

"Hajaenda Habaswein."

"Najua, mzee. Nimewaambia ana goti. Wameniuliza, kama si yeye, nani? Sikuwa na jina la kuwapa." Akainamisha kichwa. "Tumefungwa nyumbani kwetu, mzee. Watu walikuwa wanatoka uwanjani kabla mchezo haujaisha. Walimrushia kipa maganda ya machungwa."

Nilimtazama aabo. Ungekuwa wewe ungedhani anakasirika. Uso wake ulilegea. Nimeuona uso ule mara nyingine, mwaka wa ukame, mtu mmoja alipokuja na watoto wake akakaa nje ya nyumba yetu bila kusema neno. Aabo aliwaona wale watu wa timu kama nilivyowaona mimi: vikombe vitupu. Alikuwa na haki ya kukataa, na desturi ingemlinda. Lakini desturi ile ile ndiyo iliyomwambia kwamba mwenye njaa hafukuzwi mara ya pili kwa sababu tu alikuja mara ya kwanza.

"Kesho asubuhi nitamwangalia akitembea," akasema. "Akichechemea, haendi. Asibochechemea, chukua."

Asubuhi Dubow alikuwa ameamka kabla yetu. Amejifunga kikoi kipya, amepaka mafuta nywele. Alitaka kwenda, hilo lazima nikuambie, maana ni rahisi kuwalaumu wengine tu. Alitaka kwenda kuliko alivyotaka chakula. Aabo alipomwonyesha mahali pa kutembea, pale mbele ya nyumba kwenye ardhi ngumu, Dubow akasema kwa adabu, "Aabo, twende laga. Hapa watu wanapita, nitaona haya."

Laga ni mto usio na maji, mchanga mtupu mpaka mvua ije. Ule wa kwetu ulikuwa na mchanga mwingi, laini, unaomeza mguu hadi kifundo. Aabo alichuchumaa ukingoni, fimbo katikati ya magoti, akamtazama mwanawe akienda na kurudi. Kwenye mchanga wa namna ile kila mtu huyumba. Mtoto huyumba, mzee huyumba, mwenye miguu mizima huyumba.

"Tena," aabo akasema.

Akaenda tena, akarudi, anatabasamu, jasho linamtoka juu ya mdomo ingawa jua lilikuwa bado changa.

"Nenda, mwanangu," aabo akasema.

Walipoondoka kwenda kambini, mimi nilibaki. Sisi watoto wa wafugaji tulisoma ardhi kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Mbuzi aliyepotea nilimjua kwa kwato zake. Nikaziona nyayo za kaka yangu. Wa kulia ulikuwa umekanyaga wote, kisigino na vidole. Wa kushoto ulikuwa vidole tu, na nyuma yake mstari mwembamba ulioburutwa. Niliona wazi kabisa, kama ninavyouona mkono wangu huu. Nikafurahi. Polisi walikuwa wakisema kila siku, "Mguu wa kushoto wa Maziwa ni mwepesi sana!" Nami nikadhani, basi wepesi wenyewe ndio huu, umeandikwa mchangani, mguu wa mpira hata ardhi hauigusi vizuri. Nikaweka miguu yangu ndani ya nyayo zake, moja moja, wa kulia mzima, wa kushoto vidole tu, mpaka nikaujua mwendo ule. Nikarudi nao nyumbani.

Nilitembea hivyo mpaka mchana, nikizunguka zizi langu la miiba.

"Acha hivyo," hooyo akaniambia. "Unatembea kama mwanakondoo aliyevunjika mguu."

"Natembea kama Dubow."

Mikono yake ikasimama. Alikuwa anakamua mbuzi, na maziwa yaliacha kulia kibuyuni. Akaniambia, kwa sauti ya chini sana, "Nionyeshe tena." Nikamwonyesha, kwa furaha. Alitazama upande wa mto. Kivuko cha kuvushia malori kilikuwa kimeshavuka, na vumbi la lori lilikuwa ng'ambo ya pili.

Aabo alikwenda laga peke yake. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama juu ya nyayo zile, akainama, akagusa ule mstari uliokokotwa kwa kidole kimoja. Hakunikemea kwa kumfuata. Alisema, kana kwamba anaongea na mchanga, "Ngamia hafichi. Nimekaa na ngamia miaka yote hii, nikasahau kwamba mtu anaficha."

Alifika kambini kabla ya alasiri. "Sajini, rudisha," alisema tu. Sajenti Mutua alikuwa amebaki Garissa safari hiyo. Alimsikiliza, akashika kichwa. Lori lilikuwa limeondoka. Na watu wa upande wetu wakati huo hatukuruhusiwa kuvuka kwenda bara bila pasi ya serikali. Sajenti mwenyewe alikwenda kumwombea. Pasi hiyo ilipaswa kupita mikono mingi. Aabo akahamia kwenye kivuko. Alikaa pale chini ya jua, na mswaki mdomoni, kila siku, akitazama ng'ambo. Hooyo alimpelekea chakula, nami nikabeba maji. Mechi ilichezwa akiwa amekaa pale.

Saleh ndiye aliyeleta habari. Aliteremka kutoka kwenye lori bila mzaha wowote, akachuchumaa mbele ya aabo.

"Adeer, alifunga bao. Nusu ya kwanza. Uwanja mzima ulisimama."

"Halafu?"

"Halafu goti lilikataa. Walimfunga kitambaa, akarudi uwanjani."

"Kwa nini arudi?"

"Adeer, mchezaji habadilishwi. Akitoka, wanabaki kumi. Akasimama tu kule kushoto, kama mti, mpaka mwisho. Na wale Waganda waliona. Wote wakapita upande wake." Saleh akafuta uso kwa kilemba. "Tumefungwa."

Aabo aliuliza kitu kimoja tu. "Alikuwa na mtu wa kumshika mkono alipotoka?"

"Alikuwa naye, adeer," Saleh akasema, na hata mimi, mtoto, nilijua anasema hivyo kwa huruma.

Dubow alirudishwa mwezi ule ule, kabla ya pasi ya aabo kutoka. Lori liliteremka kutoka kwenye kivuko. Watu walikuwa wamejaa, na Sajenti Mutua amesimama kando, amevaa sare kamili kama anayehudhuria mazishi. Kaka yangu alishuka kwa mikono. Aabo hakumkumbatia. Alimwongoza mpaka barabarani, mahali ambapo magurudumu yalikuwa yameishindilia ardhi ikawa ngumu kama sahani. Akamwambia kwa upole sana, "Vua viatu, mwanangu. Tembea unipe mgongo."

Kisha aabo akafumba macho.

Sote tuliusikia mguu. Tap, na mkwaruzo. Tap, na mkwaruzo.

Akafungua macho. "Sajini," akasema. "Kwetu, mwenye mnyama anasema mbele ya watu. Amerudi mzima, ama amerudi na kilema."

"Sema, mzee," sajenti akajibu, akavua kofia. "Ninastahili."

Aabo aliwageukia watu. "Nasema amerudi," akasema. Hakusema mzima, wala hakusema na kilema. Wazee waliokuwapo walielewa alichokiacha, na sajenti, nadhani siku hiyo ndipo alipojua kwamba mzee hakuwa anatania.

Jioni sajenti alikuja nyumbani, akaweka kitu kwenye mkeka, akaondoka bila kunywa chai. Ulikuwa mpira. Wa ngozi, umeshonwa, umechakaa upande mmoja, bado una udongo mweusi wa huko. Nilimtazama Dubow, nikautazama mpira, nikaelewa. Niliuinua kwa mikono miwili, nikazunguka nao nyuma ya nyumba, nikauingiza kwenye zizi la miiba na kufunga mlango.

"Umeweka wapi mpira?" kaka yangu aliniuliza.

"Nimemfungia ndama."

Alicheka. Kisha kicheko kikageuka katikati, akajifunika uso kwa jezi, na hooyo akanitoa nje kwa mkono.

Goti halikurudi kuwa goti. Lakini yule ndama alikua. Watoto walianza kuja kuuomba mpira, na Dubow, aliyekuwa akikaa siku nzima amenyoosha mguu, akaanza kuwaambia wafanye nini. Aliwafundisha kama aabo alivyofundisha ngamia. Kwanza mpira wa matambara, mwepesi, peku, mchangani. Halafu wa ngozi. Viatu baadaye sana, tena vya kutembelea kwanza, si vya kuchezea. Na kila siku kabla ya mchezo aliwatembeza kwenye ardhi ngumu, mmoja mmoja, wamempa mgongo, yeye amefumba macho. Watoto walimcheka wakamwita sheikh wa magoti. Hakujali.

Siku moja alikuja mgeni kutoka bara, amesikia kuna kijana mzuri. Alimtazama mvulana mmoja wa kutoka Kotile, mrefu, mwenye mbio, akamtaka aondoke naye wiki ile ile.

"Huyu bado yuko kwenye mkeka," Dubow akamwambia.

"Mkeka gani? Sisi tuna mechi."

"Njoo umwangalie akikua. Njoo mara nyingi. Mlete na mwalimu wa viatu."

"Timu inamhitaji sasa, bwana, si mwakani."

"Basi mwakani pia mtakuja kuokota," Dubow akasema, si kwa ukali. Yule mgeni hakurudi, wala hakutuma mtu mwingine. Yule kijana alikua vizuri kabisa, mifupa imara, na hakuna aliyemwona isipokuwa sisi na mbuzi. Akaenda kuendesha malori. Ndivyo walivyokwenda wote, mmoja mmoja, kwa ngamia, kwa maduka, kwa polisi. Hakuna hata mmoja aliyevaa jezi ya nchi. Wakati mwingine nadhani alikosea kumzuia yule wa Kotile. Wakati mwingine namwona kaka yangu amesimama kama mti kule kushoto, na sidhani hivyo.

Maisha yake yote alisikiliza mechi kwenye redio, mguu umenyooshwa, mkebe wa malmal karibu. Tukifungwa, watoto wake waliwatukana wachezaji. Yeye alisema neno moja, kama ambavyo baba yake angesema: "Wana njaa." Halafu akajipaka goti, akazima redio.

Mkebe huo ninao sasa. Sikuutupa. Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka uwanjani ameumia goti, akaniambia si kitu, kesho anacheza. Nilimshika mkono nikamtoa nje hadi kwenye lami.

Nawe fanya hivyo hivyo. Mtoto wako akikuambia amepona, usimtazame usoni, wala usimwache achague mahali. Mpeleke kwenye ardhi ngumu. Mvue viatu, mwambie atembee akikupa mgongo. Fumba macho, usikilize.